Bastola ya mtu binafsi na ghala la polisi

Mkazi wa Johannesburg anayeuza bastola yake hawezi tu kuipokeza mkononi na kuhesabu randi. Sheria ya Kudhibiti Silaha ya mwaka 2000 inataka mauzo yapitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni, la sivyo yafuate masharti ya ofisa wa polisi anayesimamia silaha. Mnunuzi, kwa kawaida, awe ametimiza miaka 21, awe na cheti cha umahiri, kisha apate leseni ya silaha hiyo hiyo. Polisi huwahoji hata watu wake wa karibu. Silaha hukaa kwa mfanyabiashara hadi leseni itoke, na subira hiyo inaweza kuchukua miezi. Usumbufu? Ndiyo, tena wa haki.

Lakini mwaka 2016 kanali wa polisi, Chris Prinsloo, alifungwa miaka 18 kwa kuuza bunduki zipatazo 2,000 zilizokuwa zikisubiri kuharibiwa. Nyingi zilifika kwa magenge ya Cape Town. Huko nani aliuliza cheti? Wabunge wakitaka kubana zaidi, waanze na maghala ya polisi.