Mbegu na Hazina: Maneno Tuliyoyasema Kachibora



Mmetuomba tueleze kwa nini kampuni moja huyastahimili mabadiliko na nyingine huzimika, ilhali zote zilianza na mali. Hatuna haja ya kwenda mbali. Kitale na Webuye zatutosha.

Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, ikizalisha mbegu za nyasi za malisho kwa walowezi. Haikupita miaka mingi walowezi wakaanza kuondoka. Kampuni ingaliweza kung'ang'ania nyasi zake. Badala yake iliyapokea mahindi chotara yaliyobuniwa na kituo cha utafiti cha hapo Kitale, ya kwanza ikiwa 611 mwaka 1964, ikaweka fedha katika mifuko midogo ya kumtosha mkulima mdogo, na katika wenye maduka wa vijijini. Hapo ndipo uwezo ulipojengwa. Mashine hununuliwa kwa siku moja. Mwenye duka ajuaye mbegu ipi yaufaa mwinuko wa Cherang'ani hupatikana kwa miaka.

Lakini tusisifu kupita kiasi. Ile 614 ya mwaka 1986 ilikuwa ingali ikipandwa na wakulima wengi miongo mitatu baadaye. Wako wasemao huo ni ushahidi wa ubora. Ni kweli, na pia ni ushahidi wa usingizi. Ugonjwa wa kuua mahindi ulipoonekana Bomet mwaka 2011, karibu mbegu zote tulizozizoea hazikuwa na kinga, na kinga haitafutwi kwa msimu mmoja.

Huko Webuye, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilitegemea miti ya misitu ya serikali. Ukataji wa miti ulipopigwa marufuku mwaka 1999, chenyewe kiliruhusiwa kuendelea. Ruhusa ile ilinunua muda, haikununua uwezo. Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa kikiwa na madeni makubwa, na wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Basi mketipo katika mkutano mkuu wa chama chenu cha ushirika, msiulize gawio peke yake. Ulizeni ni shilingi ngapi zimetengwa kwa mafunzo, kwa majaribio ya mbegu, kwa maghala. Na mwenyekiti akijibu kwamba zimekwenda kwenye gari lake, jibu hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, neno kwa neno.