Kuwapata Wenzi wa Meza: Mada Kuhusu Jamaa za Michezo ya Kuigiza Mezani Mijini



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo ni namna mkazi wa mji awezavyo kuwapata wenziwe wa kucheza nao michezo ya kuigiza mezani. Na kwa kuwa huenda wamo miongoni mwenu wasiopata kuuona mchezo huo, yafaa nianze kwa kuueleza. Watu wanne, watano au sita huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, ambaye ndiye msimamizi, husimulia mahali na mambo yanayotukia, na kila mmoja wa waliosalia hutwaa nafsi ya mhusika wake, akasema kwa kinywa chake na kuamua kwa hiari yake atakalotenda. Na palipo na shaka kama tendo litafaulu, hurushwa dadu, ya pande 6 tuijuayo sote, au za pande 4, 8, 10, 12 na 20. Aghalabu hapana mshindi wala mshinde, kwani muradi wa mchezo ni kisa chenyewe, ambacho hata msimamizi hajui kitaishia wapi.

Kisa cha namna hiyo huweza kuendelea miezi mingi, na hudai watu wale wale warudi meza ile ile, wiki baada ya wiki. Hapo ndipo ilipo taabu ya mgeni wa mji, au ya mwenyeji ambaye sahibu zake wameoa, wameolewa au wamehama. Rai yangu ni kwamba jamaa ya wachezaji huanzia kwa mtu mmoja aliyekubali kuwa mwenyeji. Kwa hiyo mwenye kuitafuta na awatafute kwanza wenyeji, na asipowaona, ajitwike yeye mwenyewe uenyeji huo.

Asili ya mchezo na ya jamaa zake

Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, Marekani, David Wesely, mmoja wa kikundi cha wapenzi wa michezo ya vita, aliwaandalia wenzake mchezo wa zama za Napoleon katika mji wa kubuni wa Kijerumani ulioitwa Braunstein. Na badala ya kumpa kila mtu jeshi la kuamrisha, wengine aliwapa nafsi za watu wa mji, kama vile meya, mwenye benki na mkuu wa chuo. Wachezaji wakaanza kunong'onezana na kupanga njama ambazo yeye hakuzitarajia, hata akadhani mchezo umeharibika. Lakini wao wakamsihi auandae tena. Mwenzake, Dave Arneson, akaipokea fikra hiyo, na kufikia mwaka 1971 alikuwa akiwakaribisha wachezaji nyumbani kwa wazazi wake, Saint Paul, katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor.

Wakati huo huo, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimboni Wisconsin, Gary Gygax alikuwa amekwisha kukodi, mwaka 1968, ukumbi wa Horticultural Hall kwa dola 50, ili wapenzi wa michezo ya vita, waliotawanyika miji mbalimbali na wengi wao wakijuana kwa barua tu, wapate kuonana uso kwa uso. Mkusanyiko huo uliitwa Gen Con, na ni katika mkusanyiko wa pili, mwaka 1969, ndipo Gygax na Arneson walipokutana. Matunda ya makutano yao ni Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kutolewa kwa biashara, uliotoka mwaka 1974 kwa nakala 1,000 tu; na Gen Con yenyewe, ambayo tangu mwaka 2003 hufanyika Indianapolis, leo hukusanya makumi ya maelfu ya watu.

Vivyo hivyo London. Mwaka 1975, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake walianzisha Games Workshop katika makazi yao ya kupanga, wakatoa jarida dogo liitwalo Owl and Weasel; nakala yake ikafika Lake Geneva, nao wakaletewa mchezo ule mpya, wakaagiza nakala sita tu, na kwa agizo hilo dogo wakapata haki ya kuuuza Ulaya. Mwenye kuyazingatia haya ataona bayana kwamba waliojenga jamaa hizi hawakuwa na mali wala cheo, bali walikuwa na mlango waliokubali kuufungua.

Milango ya kubishwa

Katika miji yenye maduka ya michezo, hapo ndipo pa kuanzia, kwa maana mwenye duka aghalabu hujua ni jioni zipi watu hukutana na ni meza ipi yenye nafasi, na ukutani mwake mna ubao wa matangazo. Baada ya duka hufuata maktaba za umma, vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu, na matamasha ya vitabu vya picha na michezo. Katika matamasha hayo huandaliwa visa vifupi vya kikao kimoja, na hivyo ndivyo nivisifuvyo kuliko vyote, kwani mgeni huonja tabia za watu na wao huonja zake, pasipo ahadi ya miezi. Na kwa msafiri upo utaratibu wa Adventurers League, ulioanzishwa mwaka 2014, ambao humruhusu mchezaji kumchukua mhusika wake kutoka meza ya mji mmoja hadi ya mji mwingine chini ya kanuni zile zile.

Milango hiyo isipokuwapo, umaskini si udhuru. Tangu mwaka 2023 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zimetolewa chini ya leseni ya Creative Commons, na kila mtu aweza kuzisoma bure. Dadu nazo hazizuii kitu: mwaka 1979, zilipoadimika, masanduku ya mchezo huo yaliuzwa yakiwa na vipande vyenye namba vya kuchota kikombeni, na watu wakacheza. Mwenyeji mpya na awaalike watu watatu, achague kisa cha jioni moja, ataje siku ya kurudi kabla hawajaagana, na siku hiyo aiheshimu hata wakija wawili.

Adabu za meza

Meza ikishapata watu, kinachoidumisha ni adabu. Makutano ya kwanza ya watu wasiojuana yafaa yawe mahali pa hadhara, na kabla ya kuanza kisa kirefu pawe na kikao cha mashauriano, ambamo watakubaliana juu ya saa, gharama, na mambo yasiyofaa kutajwa. Wengi hutumia pia kadi yenye herufi X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, ambayo mchezaji aliyeudhika na jambo huigusa tu, na jambo hilo likaachwa bila kuulizwa sababu.

Ama kuhusu vijana, inatupasa kukumbuka kwamba katika miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wengi wa Marekani waliuogopa mchezo huu, wakiuhusisha na uchawi na maangamizi ya watoto. Hofu ya mzazi haiondoki kwa kubishana naye. Huondoka anapokaribishwa aketi, asikilize, na awajue kwa majina wale wanaokaa na mwanawe.

Mapendekezo

Nyinyi wakutubi, walimu na walezi wa vijana mliohudhuria hapa ndio mlio na funguo za vyumba. Napendekeza kwamba kila maktaba itenge meza moja, jioni moja ya kila wiki. Ihifadhi seti mbili za dadu na nakala ya kanuni iliyopigwa chapa. Ibandike tangazo lenye siku na saa. Na imteue mtu mmoja wa kumpokea mgeni, kumuuliza jina lake na kumwonyesha kiti. Katika yote hayo, la mwisho ndilo lisilogharimu fedha, na ndilo ninalowasihi mlitangulize.