Ukinunua Nje kwa Kadi, Hesabu Siku Zako

(Haya ni mazungumzo yetu na vijana Jumamosi iliyopita. Wengi mliomba yaandikwe, basi haya hapa.)



Wacha nianze na langu. Mwaka 2022 nilinunua laptopu kwa duka moja la mtandaoni la nje, nikalipa kwa kadi ya benki, shilingi 38,000. Pesa ilikatwa siku hiyo hiyo. Laptopu haikuja. Nikiandika, muuzaji ananijibu kwa adabu kabisa: mzigo uko njiani, subiri wiki mbili. Nikasubiri. Mara forodha imechelewesha, mara kwao ni sikukuu, mara ametuma mwingine. Mimi nikamwona muungwana kwa vile anajibu! Nilipoamka kwenda benki ilikuwa imepita miezi saba. Karani akaniangalia kwa huruma akaniambia muda umekwisha.

Baadaye ndipo nikafahamu kwamba yule bwana alikuwa akihesabu siku, na mimi sikuwa nikihesabu.

Siku gani hizo? Ukilipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, iwe ya mkopo au ile ya kawaida inayokata pesa zako mwenyewe, unaweza kupinga malipo kupitia benki iliyokupa kadi. Kwa bidhaa ambayo haikufika, kwa kawaida mitandao hii hutoa siku 120, na mara nyingi zinahesabiwa tangu ile siku uliyoahidiwa mzigo. Benki yako yaweza kukutaka uende mapema zaidi, kwa hivyo soma mkataba wake. Siku ya ahadi ikipita, mwandikie muuzaji mara moja, mpe wiki, kisha nenda benki. Usingoje huruma yake.

Na usiende mikono mitupu. Picha ya tangazo kama lilivyokuwa siku unanunua (wao hulibadilisha), risiti, tarehe ya kufika waliyoandika, na mazungumzo yenu yote. Piga picha ya skrini kabla hujalipa, si baada ya kugombana. Fomu ya malalamiko uijaze kwa maandishi, na nakala ubaki nayo.

Mtu ataniuliza, kwani hatuna sheria? Tunazo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinalinda haki za mnunuzi, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakugusa hata kama muuzaji yuko nje, maadamu wewe ulikuwa Kenya uliponunua. Hata mahakama ya madai madogo ipo, inasikiza kesi zisizozidi shilingi milioni moja. Lakini tuseme umeshinda hapo Mombasa, na muuzaji yuko Shenzhen. Nani ataenda kumdai? Wengine wanaweka kwenye masharti yao kwamba mgogoro wowote utaamuliwa kwa msuluhishi huko huko kwao. Sisi tunabonyeza "nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja.

Ndiyo maana nasema mtu wa kumshika ni benki. Benki ina mkataba na wewe, iko hapa, na leseni yake imetoka Benki Kuu ya Kenya. Wakikukatalia, omba jibu kwa maandishi, halafu lalamika Benki Kuu. Ile karatasi ya kukataliwa ni mali, usiitupe.

Kuna mambo yanayoua dai lako mwenyewe. Kumpa mtu kadi yako "anunue kitu kimoja tu" ni kuvunja mkataba wa benki, hata akiwa ndugu wa damu. Kumtajia mtu kwa simu ile namba ya siri iliyoingia kwa meseji, vilevile. Halafu kuna ushuru. Bei uliyoona kwa tovuti si bei ya mlangoni: forodha wanahesabu thamani ya bidhaa, bima na nauli pamoja, kisha ushuru unapiga juu yake na VAT ya asilimia 16. Ukishindwa kulipa mzigo ukakwama, usitarajie benki ihesabu kuwa haukufika. Umefika, wewe ndiye hukuuchukua. Na droni msiagize ovyo, inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA.

Sasa nataka mnisikize vizuri hapa. Kuna makundi ya Telegram yanauza namba za kadi za watu wa Marekani na Ulaya, na kuna vijana wetu humo. Wanaambiwa ni ujanja, mwenye kadi atarudishiwa na benki yake. Huo ni wizi, wallahi, na Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya 2018 haichezi. Wengine hata hawanunui, wanaombwa tu "pokea mzigo kwa jina lako, nikutoe elfu mbili." Ukipokea mali ya wizi na una sababu ya kuamini kuwa imeibwa, Kanuni ya Adhabu inakushika wewe. Jina lililoandikwa kwa boksi ni lako, la yule aliyekutuma halipo. Ukikamatwa, hata ukiwa na kosa, una haki ya kunyamaza, ya wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Lakini mama yako atalala nje ya kituo usiku huo.

Nimeulizwa pia kuhusu riba. Baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Riyadh mwaka 2000 lilisema kadi ya mkopo yenye sharti la riba haijuzu, hata kama unanuia kulipa kabla riba haijaanza. Ile inayokata pesa zako mwenyewe haina tatizo hilo. Na wengi wenu mna M-Pesa GlobalPay kwa simu, iliyoanza 2022: ni kadi ya Visa inayotumia salio lako, hakuna mkopo. Zaidi ya hapo waulizeni masheikh, mimi si mwanachuoni.

Mwenye mzigo uliochelewa sasa hivi, toa simu yako uangalie tarehe uliyolipa. Tutakaa pale meza ya nyuma tuandike barua za benki leo leo. Dada mwenye bahasha, wewe uliinua mkono mapema, tuanze na yako.