Motokaa ya Dizeli Ikivuja Oili: Maneno kwa Madereva na Mafundi



Leo twataka kusema juu ya motokaa za dizeli zilizozeeka, kama Peugeot 504 na Land Rover, ambazo zimetulisha wengi wetu na bado zaonekana barabarani. Oili ikidondoka watu husema, "Ni uzee tu," wakaongeza oili kila asubuhi. Lakini siku injini ikikauka na kushika, wa kwanza kuulizwa ni dereva, na wa pili ni fundi. Kwa hiyo jambo hili ni la chama pia.

Kwanza, msikimbilie kufungua. Oili huteremka, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Mahali inapodondoka huenda sipo inapotoka. Injini ikiwa baridi, isafisheni kwa brashi, mafuta ya taa na sabuni, ikauke kabisa. Kisha iwasheni dakika 10 au 15, mtazame kwa tochi kuanzia juu kushuka chini.

Juu kuna gaskiti ya kifuniko cha valvu. Ikiwa imekuwa ngumu au imepasuka, wekeni mpya. Futeni pande zote mbili, kisha kazeni nati kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza kwa nguvu kifuniko hupinda, na oili itatoka kuliko jana. Bolti ya kumwagia oili, kule chini, yataka washa mpya ya shaba, si nguvu za mkono.

Pili, tazameni bomba la kupumulia injini. Ringi za pistoni zikichakaa, moshi hupenya kwenda chini. Bomba likiziba, moshi huo hukosa njia, ukaisukuma oili kwenye sili. Wako wanaobadili sili mara 2, kumbe ugonjwa ni bomba. Tena oili nyingi ikivutwa na bomba hilo mpaka njia ya hewa, injini ya dizeli yaweza kuichoma kama mafuta yake, ikaenda mbio yenyewe, na ukizima haizimiki.

Tatu, oili ya injini ikitoka karibu na giaboksi, yaelekea ni sili ya nyuma ya krenki. Hapo giaboksi lazima ishushwe. Twasema wazi: mtu asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Yatakiwa stendi za chuma, ardhi ngumu, na magurudumu yaliyozuiwa. Kama hakuna stendi, kazi ingoje. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vyombo vya kazi vilivyo salama. Na oili chafu nawaneni kwa sabuni. Ikizoea ngozi miaka mingi yaweza kuleta kansa.

Mwisho ni daftari. Kila siku andikeni tarehe, oili mliyoongeza, na jina la mkubwa mliyemwambia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu mshahara kukatwa kwa kila chombo kinachoharibika, ila kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Ubishi ukifika mezani, maneno ya mdomo ni mepesi, lakini daftari hushuhudia. Aliye na daftari alilete kwa katibu wa tawi mapema, kabla hajatia sahihi karatasi yoyote.

Umoja ni nguvu.