Tulirudi Kabla ya Kilele: Somo la Mlimani kwa Manahodha wa Kiunga

Mazungumzo ya mwalimu mkaazi wa Kiunga mbele ya manahodha, wavuvi na vijana wa wadi, katika Siku ya Utalii Duniani, 27 Septemba.

 

Mimi si mtaalamu wa utalii. Nimeombwa nieleze safari niliyofanya na mke wangu likizo ya Desemba. Wengi mmeisikia nusunusu barazani, kwamba mwalimu alikwenda kupanda Mlima Kenya akashindwa. Leo muisikie yote, kwa sababu huko kushindwa ndiko kwenye faida kwetu.

Tuliondoka hapa na mabegi mawili ya mgongoni. Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, treni hadi Nairobi, kisha matatu hadi Naivasha. Hapo karibu ipo mbuga ya Hell's Gate, moja ya mbuga chache nchini ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Ndani yake kuna jabali lililosimama peke yake, Fischer's Tower, lenye urefu wa mita 25 hivi. Watu hulipanda kwa kamba. Mke wangu alikaza mtandio, akavaa kofia ngumu juu yake, akapanda mpaka juu. Mimi niliishia katikati. Chekeni tu.

Kesho yake tulitaka kuingia korongoni. Juu yetu jua lilikuwa kali, lakini muongozaji alitazama mawingu ya mbali akasema: leo hamuingii. Tukanung'unika. Akatueleza kwamba mvua ikinyesha mbali, maji huteremka mle ghafla, na kuta za korongo hazina pa kukimbilia. Septemba 2019 maji ya namna hiyo yaliua watu 7. Tukanyamaza.

Kutoka huko tukaenda Nanyuki, tukaupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Lango lake tu liko mita 2,650 juu ya usawa wa bahari, na sisi watu wa Kiunga tumezoea kuishi sawa na maji. Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Muongozaji akatushauri tulale hapo usiku wa pili, mwili uzoee hewa nyembamba. Aliyekataa ni mimi. Nilikuwa nahesabu pesa: siku moja zaidi ni kiingilio, chakula na malipo ya wapagazi.

Tukaendelea hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200. Sitawadanganya, ni mahali pazuri mno. Mimea mirefu kuliko mtu, na mbele yako vilele vya mawe, Batian na Nelion, vimesimama kama ukuta. Batian peke yake ina mita 5,199.

Usiku ule mke wangu akashikwa na kichwa, akatapika. Muongozaji akamwambia atembee juu ya mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Akayumba kama mtu aliye chomboni wakati wa kusi. Saa nane za usiku wenzetu waliwasha taa zao kuelekea Point Lenana, mita 4,985, kilele ambacho mtu wa kawaida hufika bila kamba. Mimi nikasema, tumetoka Kiunga, tumeshalipa, apewe dawa ya kichwa twende. Yule kijana akanijibu kwa upole: "Mwalimu, mlima utakuwepo. Tunashuka sasa."

Tukashuka na tochi mpaka Old Moses. Kabla ya adhuhuri mke wangu alikuwa anakunywa chai na kuulizia chapati. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ugonjwa huo ukizidi hujaza maji mapafuni au huvimbisha ubongo, na tiba yake ya kwanza ni kushuka.

Nilimuuliza kijana yule, vipi ulithubutu kumkatalia mteja aliyekwisha kulipa? Akasema: "Mimi nalipwa kwa siku. Silipwi kwa kilele."

Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo niliyowaletea.

Sisi hatuna mlima. Tuna Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, yenye visiwa zaidi ya 50, matumbawe, kasa na nguva. Mgeni anayependa kamba na majabali atapenda pia kuzamia, kupiga makasia mikokoni na kulala mchangani. Na elimu tunayo. Nahodha wa hapa anajua bamvua na maji mafu, anajua mlango upi huvunja mawimbi na saa ngapi.

Lakini nahodha wetu hulipwa akifikisha. Akirudi njiani kwa sababu upepo umegeuka, pesa ya mafuta imepotea na mgeni amekasirika. Basi huenda. Huenda na watu kumi na jaketi tatu za kuokoa maisha. Si kwamba hajui bahari, ila kusema "la" kunamgharimu.

Na sisi tuna mzigo mwingine. Septemba 2011, hapo Kiwayu, mke na mume kutoka Uingereza walishambuliwa usiku. Mume aliuawa, mke akatekwa na kuzuiliwa Somalia miezi sita. Walikuwa wawili likizoni, kama sisi. Mnajua wenyewe kazi zilivyopotea baada ya hapo. Kulinda mpaka ni kazi ya vyombo vya usalama, siwaambii vijana waifanye. Lakini imani ya mgeni hujengwa pia na mambo yaliyo mikononi mwetu.

Naomba tukubaliane haya. Kwanza, nahodha alipwe kwa siku, na mgeni aambiwe kabla ya kupanda kwamba uamuzi wa kurudi ni wa nahodha, na malipo hayabadiliki. Pili, jaketi moja kwa kila kichwa, mtoto na mkubwa. Tatu, kila safari iandikwe daftarini: majina, wanakokwenda, saa ya kurudi, nakala ibaki kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo na kituo cha polisi. Nne, kabla ya kuondoka tuulize hali ya usalama, na tukiambiwa msiende, hatuendi. Tano, nanga isitupwe juu ya matumbawe, wala kiota cha kasa kisiguswe.

Nahodha mmoja akifanya haya peke yake, wateja watamkimbia waende kwa jirani. Tukifanya sote, hawana pa kukimbilia.

Mke wangu ameanza kuweka akiba ya kurudi mlimani. Ameniwekea sharti moja: safari hii tutalala Old Moses siku mbili, na atakayehesabu pesa ni yeye.