Chuma cha Stoo na Jina Lake

(Maneno ya ofisi ya miradi ya dayosisi kwa kamati za sharika, Bagamoyo)



Tumeombwa tueleze habari za kile chuma kilichokutwa katika stoo ya zahanati moja ya zamani, kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, wakati kamati ikiisafisha ili iezekwe upya. Wengi mmekwisha kusikia. Kina bomba nene lililosimama, limefungwa kitu kama sufi. Juu yake kuna bomba lenye mapezi, nyuma bomba lililojikunja kama nyoka, na chini tangi dogo. Hakina mota, wala waya, wala mahali pa kufungulia. Wapo waliosema ni mtambo wa gongo. Wapo waliosema ni kipande cha injini ya boti. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kutaja bei, na kamati ilikuwa na hoja ya msingi: fedha hiyo ingenunua bati.

Tuliomba siku chache, tukamwita fundi friji mzee. Aliangalia mambo matatu. Kwanza, mabomba yote yamechomelewa, hakuna nati hata moja. Pili, lile bomba lililosimama lina tundu katikati lenye masizi, maana yake chini yake paliwaka moto. Tatu, alipofuta kutu aliona kibati chenye herufi NH3 na H2. Akasema: huu ni mtambo wa ubaridi wa friji ya mafuta ya taa. Kabati lake lilikwisha kuoza au kuchukuliwa, umebaki moyo wake.

Ndugu zangu, friji hii ilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, na mwaka 1925 kampuni ya Electrolux ikaichukua. Inafanya kazi hivi. Ndani ya mabomba mna maji, amonia na haidrojeni. Utambi unapowaka chini, joto linaitoa amonia katika maji ikiwa mvuke. Mvuke unapanda kwenye mapezi, unapoa na kuwa kimiminika. Kisha unateremka hadi ndani ya kabati, unakutana na haidrojeni, unageuka tena kuwa mvuke, na katika kugeuka huko unanyonya joto la kabati. Mwisho maji yanaimeza amonia, na safari inaanza upya. Hakuna kinachozunguka, hakuna kelele. Moto ndio unaoleta baridi.

Kwa vijiji visivyo na umeme, faida yake ilikuwa kubwa. Mpango wa chanjo ulipoanza nchini mwaka 1975, chanjo zilihitaji kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na zahanati nyingi zilitegemea friji za aina hii. Haikuwa kazi rahisi. Friji ilitakiwa isimame sawasawa bila kuinama, utambi ukatwe vizuri, masizi yasafishwe, na mafuta yasikosekane. Nyuma ya kila mtoto aliyechanjwa alikuwepo muuguzi aliyeamka kuangalia kama ndimi za moto bado ni za buluu. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchanganyaji wake na dizeli, na gharama ya kuwasha friji hizi ikapanda pia. Leo friji za umeme wa jua zimechukua nafasi yake kwa sehemu kubwa.

Bagamoyo ina deni la pekee kwa baridi. Watoto wa hapa, pamoja na wa Korogwe, walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Nayo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8.

Sasa tuje kwenye hoja ya kuuza. Mtambo huu, kama haujavuja, una shinikizo linalokaribia mara kumi ya lile la tairi la gari dogo. Ukikatwa kwa gesi au msumeno wa umeme, amonia inaunguza macho na mapafu, na haidrojeni inaweza kulipuka. Ndani yake pia hutiwa kromati ya sodiamu ili kuzuia kutu. Hiyo ni sumu ya rangi ya njano, na ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Wanaokata vyuma chakavu mara nyingi ni vijana wetu wenyewe, miguu wazi, bila miwani. Bei aliyoitaja mnunuzi haikuhesabu jambo hilo.

Kwa hiyo tumekubaliana na kamati: hakiuzwi. Kimewekwa nje, chini ya paa la makuti, mbali na moto na watoto, mpaka kichukuliwe na mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi. Bati zilizokosekana kamati imeamua kuzichangia, nasi tunawapongeza.

Kwa sharika nyingine tunaomba mambo manne. Kagueni stoo zenu. Mkikuta chuma cha namna hii, msikikate, msikitoboe, msikichome. Mkiona unga wa njano au kusikia harufu kali inayochoma pua, kimevuja: ondokeni, fungueni milango, mwiteni bwana afya. Pigeni picha ya kibati, mtuletee ofisini.

Na kwa ninyi wafadhili wetu, tunasema kwa upendo na kwa uwazi. Friji za jua mnazotupatia leo zina betri, gesi na paneli, nazo zitazeeka. Tunaomba kila bajeti ya kununua kifaa iwe na mstari wa kukiondoa kinapokufa. Ni mstari mdogo, lakini ndio utakaowaepusha wajukuu wetu na mzigo wasioujua jina.