Minyoo wa Mizizi na Mashamba Yetu



Sisi tushikao kalamu mchana na jembe jioni, mara nyingi twaona nyanya zetu zanyauka adhuhuri ingawa tumezinywesha maji. Twalaumu udongo, au jua, na pengine hata jirani. Basi yatupasa kung'oa mche mmoja na kuitazama mizizi. Ikiwa imevimba mafundo mafundo, adui ni nematodi, yaani minyoo wadogo wasioonekana kwa macho.

Mnyoo mchanga wa jamii hii hupata kiasi cha nusu ya milimita. Huingia penye ncha ya mzizi, akakaa humo akinyonya. Na jike mmoja hutaga mayai mamia. Mwaka 1855 Mwingereza M. J. Berkeley aliandika habari za mafundo hayo katika mizizi ya matango.

Lakini tusihukumu kwa haraka. Nematodi wengi hawadhuru mimea. Tena kunde na maharagwe zina vinundu vyema, vyenye vijidudu vinavyoulisha mmea. Hivyo hubanduka upesi kwa kidole. Fundo la mnyoo halibanduki, maana ni mzizi wenyewe uliovimba.

Basi tuichome mizizi yenye mafundo, tuchague miche safi, wala tusirudie nyanya, bamia au biringani mahali pale pale kila mwaka. Tupande karanga kwa zamu, kwani minyoo walioenea sana hawaziwezi.

Atazamaye majani tu huona ugonjwa. Atazamaye mizizi huona sababu yake.